Gauni la hanamu la Hollywood ya miaka ya 1930: mwongozo kamili wa kulikata, kulitundika na kulishona

Mwaka huu pekee nimeletewa magauni matatu ya jioni yaliyoharibika, na yote matatu yana ugonjwa mmoja. Satini ni nzuri, mshono umenyooka. Lakini gauni likivaliwa, mshono wa ubavuni unazunguka na kutokea mbele ya goti, pindo limeshuka upande mmoja kwa vidole vitatu, na mapajani kuna mawimbi kila mahali mashine ilipopita. Walioyashona ni mafundi hodari wa suti, sare na nguo za harusi. Walilishona gauni hili kama wanavyoshona hayo mengine, na hapo ndipo lilipowashinda.

Gauni lenyewe unalijua kwa macho: refu, laini, halina mkanda kiunoni wala vibano vya kushonwa kifuani, limelala mwilini hadi mapajani kisha likafunguka kuelekea chini. Ndilo Adrian, mbunifu wa mavazi wa studio ya filamu ya MGM, alilomvalisha mwigizaji Jean Harlow, na Travis Banton wa Paramount akamvalisha Carole Lombard. Historia naiacha hapo.

Jambo moja lishike kabla hujashika mkasi. Kitambaa kilichokatwa hanamu hakijamaliza kubadilika umbo siku unapokikata. Ukikishona siku hiyohiyo, kitamalizia kubadilika kikiwa mwilini mwa mteja.

Hanamu, kwa ufupi

Chukua kanga. Ishike kwenye ukingo, ivute: haitoi kitu. Sasa ishike kona moja na kona iliyo mkabala nayo, ivute tena. Inarefuka, na papo hapo inajibana katikati.

Nyuzi za mtande zinakwenda na urefu wa kitambaa, za mshindio zinakatiza upana. Ukikata ukifuata mojawapo, kitambaa kinakaa kimya. Ukikata katikati yake, kwa pembe ya nyuzi 45 kamili, unakata hanamu, au bayasi kama wasemavyo mafundi wengi, na kitambaa kinaanza kunyumbuka bila kuwa na mpira ndani yake. Kumbuka mambo yote mawili uliyoyaona kwenye kanga: kinarefuka na kinapungua upana. Karibu kila kosa la gauni hili linatokana na kusahau hilo la pili.

Vifaa

- Kitambaa mita 4, chenye upana wa sentimita 150. Hesabu yake iko hatua ya 2.
- Kitambaa cha majaribio cha bei nafuu, mita 3 na nusu, chenye uzito unaokaribiana na kile halisi. Hatua ya 2 hadi ya 5 utazipitia nacho kwanza.
- Karatasi nyepesi kubwa isiyo na maandishi, ya kutandika chini ya kitambaa. Magazeti hayafai, wino wake unahamia kwenye satini.
- Pini nyembamba mpya, na vitu vizito vidogo vya kukandamizia: mawe safi ya mviringo, au makopo yaliyofungwa kitambaa.
- Mkasi mkali ambao haujawahi kukata karatasi, na mwingine wa kukatia karatasi.
- Sindano mpya za mashine namba 70/10, na sindano nyembamba za mkono.
- Uzi mwembamba wa polista, na uzi wa rangi tofauti wa kupigia bandi, yaani mshono wa muda wa mkono.
- Utepe mwembamba usionyumbuka, au vipande vya oganza vilivyokatwa kufuata uzi wa mtande.
- Vifungo vidogo vya chuma vya kubonyeza, na kulabu moja yenye kitanzi chake.
- Fimbo ndefu iliyonyooka na vibanio vya nguo. Sanamu ya kushonea ikiwepo ni bora zaidi.
- Rula ndefu ya mbao inayoweza kusimama sakafuni.

Hatua ya 1: Chagua kitambaa, kisha kihoji

Kinachofaa zaidi ni satini ya hariri yenye mgongo wa krepu, au krepu ya hariri. Krepu ya viskosi nayo ni nzuri, na wala si udanganyifu: viskosi ni ileile rayoni iliyotumika sana kwenye magauni ya miaka ya 1930. Satini ya polista inawezekana, lakini ni kaidi. Nyuzi zake haziachii upesi, na gauni hubaki limesimama kidogo badala ya kuanguka.

Taffeta, brokedi na kitambaa chochote kinachopiga kelele kikikunjwa viache. Acha pia satini yenye mpira. Watu huinunua wakidhani itawarahisishia kazi, kumbe mpira na hanamu vinavutana na gauni linapoteza mwelekeo.

Kata mraba wa sentimita 20. Uvute kona kwa kona, kisha kona zile nyingine mbili, na upime kila mvuto. Pande mbili zikitoa karibu sawa, kitambaa kinafaa. Upande mmoja ukitoa sana kuliko mwingine, gauni litakwenda upande hata ukishona kwa uangalifu gani. Kirudishe dukani mapema.

Viskosi lazima irowekwe na ikaushwe kabla ya kukatwa, kwa sababu hurudi. Hariri ya satini usiiloweshe bila kujaribu kipande kidogo kwanza. Tone la maji linaweza kuacha alama isiyotoka.

Hatua ya 2: Chora pateni nzima, siyo nusu

Kwa mara ya kwanza, shona umbo rahisi kabisa: mbele kipande kimoja, nyuma kipande kimoja, mishono miwili ya ubavuni, na kamba mbili za begani. Mwenye kifua kikubwa atenganishe sehemu ya kifua kwa mshono chini ya matiti. Hanamu inafuata umbo la mwili, lakini haiwezi kubeba uzito.

Kawaida tunachora nusu ya pateni na kukata kitambaa kikiwa kimekunjwa. Hapa chora mbele yote na nyuma yote. Satini iliyokunjwa mara mbili huteleza chini ya mkasi, na tofauti ya nusu sentimita tu kati ya kulia na kushoto inatosha kulizungusha gauni.

Ongeza sentimita 4 za mshono kila ubavu. Najua ni nyingi. Lakini kitambaa kitakaponing'inia kitapungua upana, na hizo sentimita ndizo zitakazokuokoa.

Sasa hesabu ya kitambaa. Chukua urefu wa kipande, jumlisha nusu ya upana wake wa juu na nusu ya upana wake wa chini, kisha zidisha kwa 0.71. Kipande chenye urefu wa sentimita 135, upana wa 53 juu na 88 chini, mishono ikiwa ndani yake, kinahitaji sentimita 146 za upana wa kitambaa. Kinaingia kwenye 150 kwa shida, lakini kinaingia. Vipande viwili vinakula karibu mita 3, na inayobaki ni ya kamba, utepe na tahadhari.

Kwa mwanamke mrefu zaidi hesabu itavuka 150 na kona ya chini itakosa kitambaa. Usihangaike. Unganisha kiraka, ila mshono wa kiraka ufuate uzi wa mtande au wa mshindio, kamwe usiwe hanamu. Magauni mengi halisi ya wakati ule yana viraka vya namna hii karibu na pindo, na havionekani mpaka uvitafute. Madeleine Vionnet, mbunifu wa mavazi wa Paris ambaye ufundi huu ulikomaa mikononi mwake, alikuwa akiagiza vitambaa vipana kuliko kawaida kwa ajili ya shida hiihii.

Hatua ya 3: Nyoosha kitambaa, kisha utafute hanamu ya kweli

Ukingo uliokatwa dukani mara nyingi umepinda. Chomoa uzi mmoja wa mshindio taratibu hadi uache mstari, na ukate juu ya mstari huo. Kisha kunja kona hadi ukingo uliokata ulale juu ya ukingo wa kiwandani. Mkunjo uliopatikana ndio hanamu. Upigie mstari wa bandi, usiupige pasi.

Ukikosea pembe kwa nyuzi tano hapa, huwezi kusahihisha popote mbele. Pima mara mbili.

Hatua ya 4: Kata safu moja, sakafuni

Tandika karatasi nyepesi sakafuni au juu ya meza kubwa, kisha kitambaa juu yake, uso juu. Hakikisha hakuna sehemu inayoning'inia ukingoni mwa meza. Uzito wake utavuta kilichobaki nawe hutauona.

Mstari wa katikati wa pateni uulaze juu ya hanamu. Kisha kuna jambo ambalo karibu kila aliyeniletea gauni lililojizungusha hakulijua. Kipande cha mbele kikikatwa nyuzi zake za mtande zikipanda kuelekea kulia, kipande cha nyuma lazima kikatwe zikipanda kuelekea kushoto, vyote vikitazamwa kwa uso wa nje. Zikikutana ubavuni zitaunda umbo la herufi V.

Sababu ni hii: mtande na mshindio havina nguvu sawa. Vipande vyote vikielekea upande mmoja, mtande unauzunguka mwili kama kamba ya mzabibu na kulivuta gauni lote pamoja nao. Vikipingana, kila kimoja kinamzuia mwenzake. Gauni lenye mshono katikati ya mbele na ya nyuma lina vipande vinne, nawe utabadilisha mwelekeo kwa zamu, kimoja hadi kingine.

Kichwa cha pateni zote kielekee upande mmoja wa kitambaa. Satini hung'aa tofauti ukiigeuza juu chini.

Kandamiza kwa mawe, weka pini ndani ya sehemu ya mshono tu, na ukate kitambaa pamoja na karatasi ya chini. Karatasi inakizuia kuteleza. Mkasi utakaotumia hapa utahitaji kunolewa baadaye, na ni gharama ninayoikubali.

Kabla ya kuinua kipande, piga bandi kwenye mstari wa mshono, wa katikati, wa kiuno na wa nyonga. Chaki hufutika, na mistari hii utaihitaji kwa siku kadhaa.

Hatua ya 5: Tundika, na uondoke

Hatua hii ndiyo inayorukwa.

Toa karatasi. Bana ukingo wa juu wa kila kipande kwenye fimbo iliyonyooka, kibanio kila baada ya sentimita 5, vining'inie bila kugusa sakafu wala ukuta. Hanga ya kawaida haifai. Inashika sehemu mbili tu, na kitambaa kitarefuka hapo zaidi ya kwingine.

Viache saa 48. Krepu nzito au viskosi viache siku tatu. Mteja akikuharakisha, mwonyeshe kipande siku ya kwanza na siku ya pili, atakuelewa mwenyewe.

Halafu vilaze tena sakafuni bila kuvuta na uweke pateni juu yake. Utaona kiuno kimeshuka, upana umepungua, na pindo limeanza kuzama zaidi sehemu fulani. Chora upya mistari ya mshono kwa bandi ya rangi nyingine. Usirudishe kitambaa kwa nguvu kifanane na pateni. Umbo lake jipya ndilo la kweli.

Ukilinganisha mbele na nyuma ukakuta bandi za nyonga ziko kimo kimoja pande zote mbili, kazi imekwenda vizuri. Zikitofautiana zaidi ya sentimita moja, mstari wa hanamu ulikosewa. Bora ulijue sasa kuliko baada ya mashine.

Hatua ya 6: Jaribio, kisha bandi mwilini

Hatua ya 2 hadi ya 5 ulipaswa kuzipitia kwanza kwa kitambaa cha majaribio. Wengi hutumia merikani kwa sababu ni rahisi na ipo kila mahali. Kwa gauni hili merikani haitakwambia ukweli: ni ngumu, haishuki, na itakuonyesha gauni jingine kabisa. Tafuta bitana laini au viskosi ya bei nafuu.

Unganisha ubavu kwa bandi ya mkono, nyuzi zikiwa zimelegea kidogo. Mvishe mwenyewe, akiwa amevaa viatu na nguo ya ndani atakayoivaa siku hiyo. Satini inaonyesha kila mshono wa sidiria na kila ukingo wa chupi, kwa hiyo hili si jambo dogo.

Anza kubana kwa pini kutoka kwapani kushuka chini, kitambaa kikining'inia. Usikivute kimbane. Gauni hili halishiki mwili kwa kubanwa, linashika kwa uzito wake lenyewe. Likibanwa kwenye tumbo na nyonga, mikunjo ya mlalo inatokea na urefu unapanda. Fungua kidogo kidogo hadi mikunjo ipotee.

Mwambie akae na atembee. Hanamu hujibana mtu akisimama na hutanuka akikaa, kwa hiyo lisikaze mapajani hata kidogo.

Hatua ya 7: Mashine

Uzi wa mshono usiponyumbuka, kitambaa kitanyumbuka peke yake, na hapo ndipo mawimbi yanapozaliwa.

Mashine yenye zigizaga: weka upana wa nusu milimita na urefu wa milimita 2 na nusu. Kwa macho mshono utaonekana umenyooka.

Mashine ya kawaida ya kukanyaga, ambayo wengi tunayo, inafanya kazi hii vizuri pia. Legeza uzi wa juu kidogo, weka mshono mfupi wa milimita 2, na ushike kitambaa mbele na nyuma ya sindano ukikivuta taratibu kadiri mashine inavyotembea. Kivute sawasawa mwanzo hadi mwisho, bila kuiacha sindano ipinde. Ukimaliza, mshono utaonekana umelegea kidogo mezani, na ukiutundika unanyooka wenyewe. Jaribu kwenye mabaki mpaka mkono uzoee.

Weka ukanda wa karatasi nyepesi chini ya kitambaa ili meno ya mashine yasikitafune, kisha uuchane baadaye. Mishono yote miwili ianzie upande mmoja, kutoka pindoni kwenda kwapani.

Kingo za ndani usizipitishe ovaloki. Nyuzi zake nyingi zinafanya ukingo mgumu, na utajichora nje kama kamba. Kitambaa cha hanamu hakifumuki nyuzi haraka. Zipunguze zibaki sentimita 1 na nusu, uzikate kwa mkasi wa meno au uziache hivyohivyo.

Hatua ya 8: Sehemu zisizotakiwa kunyumbuka

Ziko tatu: ukingo wa kifuani, mahali kamba zinaposhikiwa, na ufunguzi wa ubavuni. Shonea utepe au ukanda wa oganza upande wa ndani kwa mkono. Utepe wa kifuani uukate mfupi kuliko ukingo kwa sentimita 1, ukingo uvutike kidogo ndani na kushika mwili. Usipofanya hivyo, shingo italegea kabla sherehe haijaisha.

Magauni mengi ya wakati ule yanavaliwa kwa kupitishwa kichwani. Kama kiuno chako kimeingia sana, acha ufunguzi wa sentimita 20 ubavu wa kushoto, ufungwe kwa vifungo vya kubonyeza na kulabu moja juu. Zipu inawezekana, lakini ni ngumu, na mahali ilipo gauni halianguki sawa.

Pasi iwe ya moto mdogo, kwa upande wa ndani. Inua na uweke, usiisukume. Ukiisukuma unarefusha kila ulichokitundika siku mbili. Ingiza vipande vya karatasi chini ya kingo za mshono ili alama zake zisitokee nje.

Hatua ya 9: Pindo ni la mwisho, na lina siku zake

Litundike tena gauni lililoshonwa, safari hii kwenye sanamu, au kwa kamba zake pamoja na vibanio kwenye ukingo wote wa juu. Saa 48 tena, na wiki nzima ukiwa nayo. Litashuka zaidi, hasa chini ya nyonga.

Mvaaji asimame juu ya sakafu iliyonyooka na viatu vyake, atazame mbele, mikono chini. Yeye asisogee. Wewe ndiye unayemzunguka na rula ikiwa imesimama, ukiweka pini kila baada ya sentimita 8, kwa kimo kilekile kutoka sakafuni. Sentimita 2 kutoka chini zinatosha. Akigeuka hata mara moja, rudia tangu mwanzo.

Ukilaza gauni mezani, mstari wa pini utaonekana umepinda vibaya. Uamini mstari huo, siyo meza.

Kata sentimita 1 chini ya pini, viringisha ukingo kwa vidole, ukunge kwa mkono kwa mshono mdogo uliolegea, pindo lisizidi milimita 5. Pindo pana lina uzito, nao utalivuta gauni upya. Kwa mzunguko wa sentimita 160 hivi, tenga jioni nzima.

Likivaliwa, mshono wa ubavuni ushuke wima hadi kisigino, pindo liwe sambamba na sakafu pande zote, na mvaaji akisimama ghafla kitambaa kiendelee kutembea kidogo kisha kitulie.

Kulitunza, na neno kwa mwenye gauni halisi

Gauni la hanamu halikai kabatini kwenye hanga. Lilaze kwenye sanduku, karatasi nyeupe isiyo na asidi ikiwa ndani ya kila mkunjo, na kila baada ya miezi michache ubadilishe mahali linapokunjwa.

Mwenye bahati ya kumiliki gauni halisi la miaka ya 1930 afuate hayohayo, na zaidi. Asilifue nyumbani wala kulipiga pasi, asilivae kwa majaribio, na asiliweke penye mwanga wa dirisha, kwa sababu hariri ya umri huo hukatika kwenye mikunjo na mahali jasho lilipoingia. Ukitaka kujifunza kwake, ligeuze ndani nje juu ya shuka safi, mikono iwe mikavu. Tafuta vifungo vya ubavu wa kushoto, viraka vya pindoni, na upana wa mishono. Pima, chora kwenye karatasi, piga picha, kisha ligeuze na ulirudishe kwenye sanduku lake.